Kamati ya Kichwa cha Nikodemo

Uvimbe wa Nikodemo uliporudi kichwani, ndugu zake waliuitia kikao. Watu wengine wangelia kwanza, au wangekaa na mgonjwa wao wamshike mkono. Ukoo wetu hauna nafasi ya mambo hayo. Siku ileile kaka yake Joshua alituma ujumbe kwenye kundi la simu: kikao cha dharura, Alhamisi saa nane mchana, nyumbani kwa mgonjwa Makole, wajumbe wazingatie muda.

Joshua alistaafu uafisa tawala miaka sita iliyopita, ila vikao vilikataa kustaafu naye. Mbuzi wake akipotea, atataka mwenyekiti, katibu na ajenda kabla hajatoka kumtafuta, na mbuzi akirudi mwenyewe atapewa barua ya kujieleza.

Mimi sikuwa mjumbe. Mama yangu ni shangazi yao, kwa hiyo mimi ni binamu, na kwetu Wagogo binamu ni mtani. Mtani anaweza kukusema mbele ya mkweo, anaweza kukuvua kofia msibani akakaa nayo mpaka uikomboe kwa fedha au kuku, na wewe ukinuna, aibu ni yako. Nilikuwa nimetoka Chamwino kuja kumsaidia Hilda, mke wa Nikodemo, kupika na kufua, kwa sababu mumewe mkono wa kushoto ulikuwa hauna nguvu tena na maneno yalikuwa yakimjia moja moja kama maji ya bomba la mtaani kwetu.

Nikodemo alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka jana walimpasua kichwa Dar es Salaam, akapigwa mionzi wiki sita, akapewa na dawa za kumeza. Tukadhani yamekwisha. Jumanne ile tulikwenda hospitali watatu, yeye, Hilda na mimi, na daktari, binti mmoja mpole anayeitwa Salma, akatuwekea picha kwenye taa.

"Mwalimu, umerudi," alisema. "Palepale, na umeongezeka."

Hilda alisikia neno "umerudi" na baada ya hapo hakusikia tena. Nilimwona. Macho yalikuwa kwa daktari, masikio yalikuwa yameshatoka nje.

Nikodemo ndiye aliyeuliza. "Kuna dawa?"

"Zipo. Ya kuumaliza haipo, nisikudanganye." Akavuta kiti karibu. "Zile ulizomeza mwanzo tunaweza kuzirudia, lakini uvimbe wako umerudi wewe ukiwa bado unazimeza, kwa hiyo sizitegemei sana. Kuna nyingine, kapsuli. Kwa mwili wako ni tano, unazimeza zote kwa mara moja wakati wa kulala, halafu huzigusi tena mpaka wiki sita zipite. Zinashusha damu polepole, wiki ya nne au ya tano ndiyo inashuka hasa, kwa hiyo tunapima kabla na tunapima baada. Kuna na dripu ya kila wiki mbili. Inakausha maji yanayozunguka uvimbe, wengine kichwa kinakuwa chepesi, lakini haijaonyesha kwamba inaongeza siku."

"Hizo kapsuli. Niambie kwa watu kumi."

"Kwa watu kumi, uvimbe unapungua waziwazi kwa mmoja, labda wawili. Kwa wengine unasimama miezi kadhaa. Wengi hausikii."

Nikodemo akatikisa kichwa kama mwanafunzi wake amepata jibu sahihi la swali baya.

"Au tunaacha kuupiga uvimbe," daktari akaendelea, "tunabaki na dawa za degedege, za maumivu, na hivi vidonge vyeupe vinavyozuia ubongo usivimbe. Hayo nayo ni matibabu. Hivi vyeupe, kwa njia yoyote utakayochagua, usiviache ghafla. Sasa nikuulize, mwalimu. Siku zitakazopatikana unataka kuzifanyia nini?"

Nikodemo aliitazama feni ya darini ikizunguka. Kisha akasema, "Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa. Njoo na jibu lako mwenyewe." Akamwandikia majina ya dawa kwenye karatasi ili akayafikirie.

Ndani ya bajaji Hilda alimpigia Joshua simu akilia, akampigia picha ile karatasi akamtumia. Tulipofika Makole, jibu la mwenyewe lilikuwa limeshakuwa ajenda.

Alhamisi walikuja wanane, kwa wakati, Hilda akawa mjumbe wa tisa. Sebule ya Nikodemo si kubwa, wakabanana kwenye makochi na viti vya plastiki. Joshua alikalia kiti cha mwenye nyumba, kile chenye mto. Katibu alikuwa Bupe, binti wa Kinyakyusa kutoka Mbeya aliyeolewa na mpwa wetu Msafiri, anafanya kazi ofisi moja ya serikali kule Mtumba, akaweka kompyuta yake mapajani. Nikodemo aliambiwa abaki chumbani, kwa sababu mgonjwa hapaswi kusikia mambo mazito. Kati ya chumba na sebule kuna pazia. Mlango uliharibika tangu Pasaka.

Mimi nilikaa kwenye mlango wa jikoni na ungo wangu, nachambua mlenda.

"Ajenda ya kwanza ni kufungua kikao," Joshua alisema, "na nimekifungua. Ajenda ya pili, taarifa ya ugonjwa. Katibu."

Bupe akasoma. "Uvimbe wa mgonjwa umejirudia."

"Kwa kibali cha nani?" niliuliza.

"Yasinta, wewe si mjumbe."

"Ndiyo maana nauliza."

Msafiri alicheka akajifanya anakohoa. Joshua akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Huko ofisini ndivyo walivyokuwa wanatishia watu.

Dada yao Anna akaomba nafasi. Anna ana mti wa mlonge uwani kwake na tangu aupande hajaona ugonjwa usiomhusu. Umeshatibu presha ya mchungaji, magoti ya mkwewe na ndoa ya jirani.

"Mimi kinachonisumbua ni vile vidonge vyeupe," alisema. "Jamani, mmemwona uso? Umekuwa mviringo kama sahani. Mtu gani anaumwa huku ananenepa? Hiyo ni sumu. Mimi nimeshavichukua, viko hapa kwenye pochi. Tuvisimamishe, aanze unga wa mlonge vijiko viwili kwenye uji."

"Inaungwa mkono," alisema mtu asiyejua anaunga nini.

Akafuata Fabian, mjukuu wa Anna, yuko chuo kikuu mwaka wa pili, anasomea mipango miji. Alikuwa na makaratasi aliyoyachapisha. Yeye alitaka dripu. "Kwa mujibu wa tafiti," alisema, "hii dawa inakata mishipa inayolisha uvimbe. Kwenye panya matokeo ni mazuri sana."

"Panya wa wapi?" nikauliza.

"Wa maabara, bibi."

"Basi Nikodemo apelekwe kwa hao panya wakamfariji."

"Yasinta," Joshua akasema.

Ndipo akatoa chake. Alikuwa amemwachia kila mtu aseme ili yeye amalizie, ndivyo wakubwa wanavyofanya. Alichomoa kiboksi kwenye mfuko wa koti akakiweka katikati ya meza, polepole, kama mtu anayeweka pete. Zilikuwa zile kapsuli. Anamjua mtu anayemjua mtu Dar es Salaam, na Msafiri alizileta jana yake kwa treni ya umeme. Wala Ijumaa haikusubiriwa, wala damu haikupimwa.

"Daktari alitaja jina hili," alisema. "Mimi nikaona tusihangaike, nikaagiza za kutosha. Ziko kumi na tano. Katibu, gawanya."

"Nigawanye kwa ngapi, baba?"

"Kwa tatu. Kutwa mara tatu."

"Tano," Bupe akasema.

"Siku tano." Joshua akawatazama wajumbe mmoja mmoja. "Mnaona? Imegawanyika yenyewe. Asubuhi moja, mchana moja, jioni moja, siku tano, dozi imekamilika. Kama zile za kifua tu."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Nchi hii kila mtu amemeza kapsuli kutwa mara tatu siku tano tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Waliiona namba wanayoijua wakaipokea kama ndugu.

Nikaweka ungo chini. "Daktari alisema tano kwa mara moja, usiku mmoja, halafu wiki sita asiguse. Hizo ni dozi za miezi mitatu na zaidi mnazotaka kumpa kwa siku tano."

"Dawa gani hiyo inayomezwa mara moja kwa wiki sita?" Joshua akauliza. "Hata ng'ombe wanaogeshwa kila wiki. Yule daktari ni mtoto, amekosea, au wewe hukusikia vizuri. Kwani uliishia darasa la ngapi?"

"La saba. Ndiyo maana nilisikiliza."

"Hilda, na wewe ulikuwepo. Alisema hivyo?"

Hilda akaangalia mikono yake. "Shemeji, mimi sikumbuki."

"Basi. Hatuwezi kuendesha matibabu kwa maneno ya jikoni." Na kwa sababu ni mtu wa haki, akaunganisha hoja zote ili asiwepo aliyeshindwa: kapsuli kutwa mara tatu, vyeupe visimame, mlonge uanze, dripu iundiwe kamati ndogo chini ya Fabian. Kura ikapigwa. Mikono minane ikaenda juu kwa mpigo. Wa tisa ulikuwa wa Hilda, ulipanda kidogo kidogo kwa sababu wote walikuwa wanamtazama.

"Azimio limepita," Joshua akasema. "Utekelezaji uanze mara moja. Hilda, lete maji ya kunywa."

Hilda akainuka kwenda kwenye mtungi. Nami nikainuka. Nilipita katikati ya makochi nikiomba radhi kwa kila goti, nikafika mezani, nikachukua kiboksi, nikakitia kifuani ndani ya blauzi, nikafunga khanga juu yake.

Hilda akasimama na kikombe mkononi.

"Yasinta, rudisha dawa," Joshua alisema.

"Ikomboe."

"Hapa si msibani."

"Kumbe? Mimi nimewaona mmekaa matanga, mnagawana, marehemu yuko nyuma ya pazia anawasikia. Nikaona na mimi mtani nichukue haki yangu mapema, kesho nitachelewa."

Joshua alivimba shingo. Mtu mwingine angefanya vile, angetolewa nje. Lakini mimi ni binti wa shangazi, na nilikuwa nimenyang'anya kwa utaratibu, na mahali nilipokiweka hakuna mwanaume wa ukoo wetu angepeleka mkono. Akamgeukia Anna amsaidie.

"Joshua, usinune," Anna akasema kwa sauti ya chini. "Ukinunia utani, kwetu Kongwa nzima itasikia."

"Haya. Unataka nini? Kuku?"

"Kuku nimekula. Namtaka mwenye kichwa. Aje akae hapa, aseme mwenyewe. Na wewe Anna fungua pochi, vile vyeupe viweke mezani, nisije nikakunyang'anya na pochi yenyewe."

Hawakuhitaji kumwita. Pazia lilisogea na Nikodemo akatoka, amevaa shati lake la kutokea, ameegemea ukuta kwa bega la kulia. Vifungo alikuwa amefunga mwenyewe, viwili vimekosea matundu. Alimtazama kaka yake.

"Umekalia kiti changu," alisema.

Joshua akahama. Ilibidi Fabian ampishe kiti cha plastiki. Nikodemo akakaa, akapumzika, akaanza kuhesabu wajumbe kwa kidole, taratibu, kama anaita mahudhurio.

"Walionyoosha mikono wangapi?"

"Tisa," Bupe akajibu.

"Wenye uvimbe?"

Mwalimu wa hesabu akapitisha kidole tena kwa wajumbe wote tisa.

"Sifuri," akasema mwenyewe. "Bupe, andika." Maneno yalikuwa yanakuja kwa shida na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Nitameza tano. Kesho, damu ikikubali. Usiku mmoja, kama alivyosema. Halafu nasubiri. Ukisimama, narudia. Ukikua, naacha. Dripu sitaki, kila wiki mbili nifungwe kwenye chuma, sitaki. Vyeupe nirudishiwe. Mlonge, Anna, pika mboga tutakula wote."

"Mdogo wangu," Joshua akaanza, "sisi tunapigania maisha yako."

"Najua. Yangu lakini." Akapumzika tena. "Daktari aliniuliza siku nitazifanyia nini. Ninyi hamkuuliza. Nataka kwenda Kongwa, tuvune karanga. Niwe bado namtambua mke wangu na kumwita kwa jina. Kuna siku mbili wiki iliyopita jina lilinipotea. Sikumwambia."

Hilda alikuwa bado amesimama na kikombe. "Na mimi nilinyoosha mkono," alisema.

"Nilikuona. Pazia lina tundu. Lete hayo maji, nina kiu."

Akanywa. Joshua, ambaye hakuna kitu kinachoweza kumvunja moyo, akakohoa. "Sasa, kwa utaratibu, hoja ya mgonjwa nayo ipigiwe kura."

"Nimeshaandika azimio, baba," Bupe alisema, akafunga kompyuta. Wanyakyusa nawatania sana, lakini siku ile nilimsamehe mpaka ndizi zao.

Ijumaa tulikwenda hospitali, na Joshua akaja kwa niaba ya kikao. Nilitoa kiboksi kifuani nikamkabidhi daktari Salma, nikamweleza azimio la kwanza lilivyokuwa. Aliweka kalamu chini.

"Kumi na tano kwa siku tano?" Hakupandisha sauti. "Mzee, hizo zingeiua damu yake yote. Ndani ya mwezi angetokwa damu puani, mdomoni, kila mahali, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mngemzika mkidhani ni uvimbe."

Joshua alitazama feni. Ilikuwa haizunguki siku hiyo, lakini aliitazama kwa makini kama anaikagua. Daktari akazuia kiboksi kile kwa kuwa hajui kilikotoka, akapima damu, akaandika tano za kwao. Tulipokuwa tunatoka Joshua aliniambia kwa upole kwamba maneno ya daktari si lazima yaingie kwenye muhtasari. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi si mjumbe, siandiki. Nitasema tu. Na nimesema. Chamwino wanajua, Kongwa wanajua, na pale kwenye mashine ya kusaga Makole wanajua mpaka idadi.

Nikodemo alimeza tano jioni ile, akatapika kesho yake, akalala siku mbili, akaamka akadai ugali wa uwele. Wiki ya tano damu ilishuka kama ilivyosemwa, ufizi ukachuruzika kidogo, ikapanda tena. Picha ikaonyesha uvimbe umesimama. Anna akasema ni mlonge. Fabian akasema ingekuwa dripu ungerudi nyuma. Joshua akasema ni uratibu mzuri. Nikodemo akameza tano nyingine. Picha ya pili, mwezi wa tano, ukawa umekua.

"Inatosha," Nikodemo akamwambia daktari. Daktari akasema sawa, akamwandikia vyeupe, vya degedege na vya maumivu, akampa namba yake ya simu. Dakika kumi, mambo yakaisha, hakuna aliyeunga mkono wala kupinga.

Joshua hakukubali. Aliitisha kikao kingine, Jumamosi, Makole, ajenda moja: kupitia upya uamuzi wa mgonjwa. Lakini Jumamosi ile sisi tulikuwa Kongwa tunang'oa karanga. Anna alikuwepo na kofia yake ya jua, Msafiri alikuwepo, hata Fabian, analalamika mgongo kama mzee. Nikodemo tulimweka kwenye kiti pembeni ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, na fungu la karanga mapajani. Alikuwa anazichambua kwa mkono mmoja, polepole, nyingine zinamdondoka. Kila baada ya muda alikuwa anaita, "Hilda." Hilda anaitika kutoka shambani, "Abee." Hana anachotaka. Anaendelea na karanga. Baadaye tena, "Hilda." "Abee."

Mchana ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kutoka kwa Bupe. Nikamsomea: waliohudhuria ni mwenyekiti na katibu, akidi haikutimia, kikao kimeahirishwa.

Nikodemo akafikiri. "Mpaka lini?"

"Hajaandika."

"Asiandike," akasema, akaniomba nimsogezee fungu jingine.